Umekulia kwa benga na unataka kuingia roki ya altanativu? Pitia hapa

Wengi huku kwetu huingia roki ya altanativu, ile roki ya gita inayoenda njia yake kando na ile ya kawaida ya redio, na mlango mbaya. Mtu anapata orodha ya albamu 100 bora za roki duniani, anachukua ile namba moja, anaiweka kwa simu akiwa kiti ya nyuma kwa matatu ya Kondele, spika za gari zinapiga zake, kondakta anagonga bodi, na kufika wimbo wa pili ashaamua hii ni kelele ya wazungu wenye huzuni, anafuta anarudi kwa ohangla. Siwezi kumlaumu. Hizo orodha ziliandikwa na watu waliolelewa na hizo gita kwa redio, wewe umelelewa na kitu ingine kabisa, harusi za mjomba, disco matanga, rumba Jumapili mchana, na gita ya benga ikilia kutoka kwa kila duka ya kinyozi.

Sasa maoni yangu ni hii: sikio la benga halianzi sufuri. Benga ni gita mbili tatu zinajibizana bila kugongana, besi inaruka badala ya kutembea, mwimbaji anasema yake, halafu ananyamaza na gita zinapanda juu mpaka watu wanatoka kwa viti. Mtu anayejua kufuata hiyo kitu anaweza kufuata Radiohead, ile bendi ya Uingereza, shida ni kwamba hakuna mtu amempangia njia. Kwa hivyo hii hapa chini si orodha ya bora duniani, ni mpangilio, na mpangilio ndio kazi yote, usiruke hadi mwisho juu umeona jina unalijua.

Hatua ya 1: Simu kwanza

Albamu inasikizwa vile ilipangwa, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, so zima ile kitu ya kuchanganya nyimbo, na pia zima ile setingi inayofanya wimbo mmoja uyeyuke ndani ya mwingine. Kama akaunti yako ni ya bure na inakurushia matangazo kila dakika chache, afadhali utafute albamu nzima kwa chaneli ya bendi yenyewe YouTube ama ulipie mwezi mmoja tu ujionee, juu tangazo la mkopo likiingia katikati ya wimbo wa bendi kama The Cure, hiyo jioni imeisha.

Bando nayo watu huogopa bure. Spotify, ambayo ilifika Kenya Februari 2021, sauti yake ya kawaida ni kilobiti 96 kwa sekunde, ya juu 160, ya juu sana 320. Albamu ya dakika 42 kwa 96 inakula kama MB 30, kwa 160 kama MB 50, kwa 320 kama MB 100. Kinachomaliza bando ni video. Daunlodi ukiwa kwa waifai ya ofisi ama ya cyber, halafu usikize bila mtandao. Hiyo inasaidia sana ukiwa unasafiri Kisumu kwenda Nakuru, masaa matatu hadi manne hivi, ukishapita Kericho na kuingia upande wa Londiani na Mau Summit mtandao unaenda unarudi, na hiyo barabara inatosha albamu nne ukiwa na chaji.

Ile besi umeongeza kwa simu ama kwa wufa, irudishe katikati. Ni tamu kwa ohangla lakini hizi albamu nyingine gita ndio kila kitu na besi ikizidi inazifunika zote. Na vaa masikio yote mawili bana, hawa watu waliweka gita moja kushoto na ingine kulia makusudi.

Kila albamu uipe nafasi tatu. Ya kwanza ukifua ama ukipika, usiikazie macho. Ya pili umekaa chini hufanyi kitu. Ya tatu na maneno ya nyimbo mbele yako kama unataka kujua wanasema nini. Ikikataa baada ya hapo, imekataa, hudaiwi na mtu.

Hatua ya 2: Anza nyumbani

Ya kwanza kabisa ni En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada, 1993. Najua utasema hii si roki, na ni kweli, lakini tulia. Ilitolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel, yule aliyekuwa mwimbaji wa Genesis, na ni albamu ya nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, na sauti, nafasi kubwa imeachwa wazi katikati. Hiyo nafasi ndio nataka masikio yako yazoee. Muziki mwingi tunaosikiza mjini umejazwa mpaka hakuna pa kupitisha kidole, hapa kuna kimya kati ya uzi mmoja na mwingine na hicho kimya kinafanya kazi. Ogada alifariki Februari 2019 huko Nyahera, hapo tu juu ya Kisumu, na bado kuna vijana wa Kisumu hawamjui. Kwanza anza na Kothbiro, halafu rudi mwanzo upige yote.

Ukitoka hapo nenda Extra Golden. Hii bendi inafaa ifundishwe shuleni walai. Ian Eagleson alikuwa Mmarekani aliyekuja Kenya kufanya utafiti wa benga, akaungana na mwenzake Alex Minoff, ambao wawili walikuwa na bendi ya roki huko kwao inaitwa Golden, pamoja na Otieno Jagwasi na mpiga dramu Onyango Wuod Omari. Albamu yao ya kwanza, Ok-Oyot System, ilitoka 2006 na lebo ya Thrill Jockey ya Chicago, lakini Jagwasi alikuwa ameshafariki 2005, hakuiona ikitoka. Ya pili ni Hera Ma Nono ya 2007, na ndani kuna wimbo unaitwa Obama, wa kushukuru, juu ofisi ya Obama akiwa bado seneta ndio iliwasaidia na visa za kwenda kupiga Marekani. Ya tatu, Thank You Very Quickly ya 2009, jina lake ni shukrani kwa watu waliochangia pesa kusaidia familia za wanabendi wakati wa ile fujo ya baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007.

Sasa sikiza vizuri. Gita za Kijaluo zinazunguka juu vile unazijua, alafu chini yake kuna gita ingine chafu, imekwaruzwa, ya roki, na dramu hazikai mahali pa benga kila wakati. Ukiona kichwa yako inajiuliza nifuate gani, hapo ndio mlango. Fuata ile chafu. Ukishaweza kuifuata kutoka mwanzo hadi mwisho wa wimbo mmoja, umehitimu hii hatua.

Ukibaki na njaa kuna Owiny Sigoma Band, wasee wa London (London yenyewe, si ile ya Nakuru) pamoja na Joseph Nyamungu kwa nyatiti na Charles Owoko kwa ngoma. Ya kwanza ilitoka 2011, Power Punch 2013, na Nyanza 2015. Mimi napenda Nyanza zaidi, mashine za London zimeingia ndani ya nyatiti mpaka huwezi kuzitenganisha. Mzee mmoja jirani aliisikia kwangu akaniambia, "Wuod mama, hiyo nyatiti ni sawa, lakini nani ameingiza posho mill ndani?" Na enyewe inatoa hiyo sauti, lakini ndio utamu.

Hatua ya 3: Talking Heads, na hapa usiharakishe

Remain in Light ilitoka Oktoba 1980. Talking Heads walikuwa bendi ya New York, na prodyuza wao Brian Eno alikuwa amepagawa na Fela Kuti, yule Mnigeria wa Afrobeat, akawaonyesha ile albamu ya Fela inaitwa Afrodisiac, wakasema sisi pia tunataka kujenga nyimbo hivyo. Badala ya kuandika wimbo wenye beti na kiitikio kisha kuupiga, waliingia studio huko Bahamas wakapiga mizunguko, mizunguko, wakairudiarudia, wakaweka moja juu ya ingine, maneno yakaja mwisho. Nyimbo tatu za kwanza karibu hazibadilishi kodi (chord, zile nota zinazopigwa pamoja) kabisa. Mtu wa roki ya kawaida hapo anachoka, lakini mtu wa benga yuko nyumbani, juu sisi hatungoji wimbo ubadilike, tunangoja upande.

Kwa wimbo wa tatu, The Great Curve, angalia vile sauti za kuitikia zinakuja kwa safu, moja inamaliza ingine ishaanza, halafu Adrian Belew anaingia na gita inayolia kama mnyama mwenye hajapewa jina. Piga hiyo kwa sauti ya juu. Halafu albamu inaanza kupoa na kupoa mpaka ule wimbo wa mwisho ambao ni mzito na unaburuta miguu, na hapo wengi huzima. Usizime. Ni mara yako ya kwanza kukutana na bendi inayoteremka badala ya kupanda, na utahitaji hiyo kwa hatua ya 6.

Ukimaliza, piga Remain in Light ya Angélique Kidjo, 2018. Kidjo ni wa Benin, alitoroka kwao 1983 akaenda Paris, na huko ndio alisikia wimbo wa Talking Heads akajua papo hapo hii kitu iko na Afrika ndani. Miaka mingi baadaye akachukua albamu yote, wimbo kwa wimbo, akairudisha nyumbani, na Tony Allen mwenyewe, mpiga dramu wa Fela, yuko ndani. Sikiza zote mbili siku moja kama unaweza. Wengine wanasema ya Kidjo ni bora. Mimi naona ya Kidjo iko na furaha zaidi na ile ya zamani iko na uoga zaidi, na uoga ndio unanirudisha.

Kando kidogo: kama hii njia ya Afrika na roki imekushika, kuna Zambia ya miaka ya 70, watu huita Zamrock. Chukua Lazy Bones!! ya WITCH, 1975. Mwimbaji wao anaitwa Jagari, ndio, kutoka kwa Mick Jagger. Bendi ililala miaka mingi ikaamka, na 2023 wakatoa Zango, so hapo uko na ya zamani na mpya za bendi ileile.

Hatua ya 4: In Rainbows

Watu watakuambia uanze Radiohead na OK Computer ya 1997. Ni albamu kubwa, sipingi, lakini kwa mtu wetu naweka In Rainbows mbele. Ilitoka 10 Oktoba 2007 na bendi iliiweka kwa tovuti yao ikasema lipa chenye unataka, hata sufuri. Nyimbo 10, dakika 42.

Fungua wimbo wa nne, Weird Fishes. (Ndio, samaki, na sisi ni watu wa Dunga, kule ufuoni kwa wavuvi, ilikuwa imeandikwa.) Dramu zinaanza peke yao, zinakimbia. Gita ya kwanza inaingia ikipiga nota moja moja, haikwaruzi, inachuna. Kisha ya pili inaingia juu ya ile ya kwanza, na zinajibizana, moja inajaza pale ingine imeacha. Unaona? Hiyo ni kazi ya gita ya solo na ya second kwa benga, kidole kwa kidole, tofauti ni kwamba hawa wanakaza polepole kwa dakika tano na mwimbaji wao Thom Yorke anaimba kama mtu anaongea usingizini. Katikati kila kitu kinaanguka, kinabaki kidogo tu, halafu kinarudi na nguvu. Ile climax yako ya benga iko hapo, imevaa nguo ya baridi.

Ukishaipata hiyo, albamu yote inafunguka yenyewe, na kwenda OK Computer kisha Kid A ya 2000 itakuwa safari unajua njia.

Hatua ya 5: Zile shati za Kibuye

Enda soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili upite laini ya mitumba ya fulana nyeusi. Utaona ile ya uso wa manjano yenye macho ya X, imeandikwa Nirvana. Utaona ingine nyeusi iko na mistari myeupe kama milima imepangwa, haina jina. Nusu ya mji wamezivaa na hawajawahi kusikia wimbo, na hakuna shida, nguo ni nguo, lakini wewe sasa utasikiza.

Ile ya mistari ni kava ya Unknown Pleasures ya Joy Division, bendi ya Manchester, 1979. Mistari yenyewe ni mawimbi ya redio ya nyota inayoitwa CP 1919, pulsa (nyota inayotuma mawimbi kwa mapigo) ya kwanza kuwahi kugunduliwa, Jocelyn Bell Burnell aliiona 1967. Muziki ndani ni baridi, besi ndio inaimba melodi na gita imekaa kando, na hiyo itakushtua juu kwetu besi haipewi kipaza sauti. Mwimbaji Ian Curtis alijiua Mei 1980 akiwa na miaka 23, kabla albamu ya pili kutoka. Ni nzito. Kama uko na wiki mbaya iache, itakungoja.

Nirvana kabla uipige, pitia Pixies, Doolittle ya 1989. Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alisema wazi kuwa wimbo wake mkubwa alikuwa anajaribu kuiga Pixies. Piga wimbo unaitwa Tame, hauna hata dakika mbili: besi na dramu, mtu ananong'ona, kisha anapasua koo, kisha ananong'ona tena. Kimya, kelele, kimya, kelele. Ukishaelewa hiyo mbinu, nenda Nevermind ya 1991 na utaona iko kila mahali, na utaelewa pia vile bendi ya watu watatu ilimtoa Michael Jackson kwa namba moja Marekani Januari 1992. Kusema ukweli Nevermind imelainishwa kidogo, mimi hupenda In Utero ya 1993 zaidi, ilirekodiwa na Steve Albini, huyohuyo aliyerekodi Surfer Rosa ya Pixies. Albini, aliyefariki Mei 2024, alikuwa hataki asilimia ya mauzo ya bendi, alichukua ada yake kama fundi bomba na kwenda. Dramu zake zinasikika kama ziko kwa chumba chako. Hiyo ndio sababu ya kusoma majina ya nyuma ya albamu: ukimpenda fundi, mfuate kazi yake ingine.

Hatua ya 6: Za polepole, zamani na mpya

Hapa napanga jozi, ya zamani na mpya ya watu walewale, juu ni njia nzuri ya kusikia mtu akizeeka.

The Cure, Disintegration, 1989. Nyimbo ndefu, utangulizi mrefu, gita zina maji maji. Mvua ya saa kumi ikianza Kisumu, ile inakuja kutoka ziwani na kufunga mji, weka hii. Halafu Songs of a Lost World, ilitoka 1 Novemba 2024, albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya baada ya miaka 16. Nyimbo nane tu. Wimbo wa kwanza, Alone, unakaa zaidi ya dakika tatu kabla mwimbaji Robert Smith hajafungua mdomo, so usiangalie simu ukidhani ni ala tupu. Kuna mmoja humo wa kumlilia kaka yake aliyefariki, na mtu yeyote amewahi kukaa matanga atauelewa bila kamusi. Kwangu hii ni moja ya albamu chache za wazee wa roki ambazo zinasimama na zile za ujana wao.

Portishead, Dummy, 1994, kutoka Bristol, ilishinda Mercury Prize, tuzo ya albamu ya mwaka huko Uingereza, 1995. Sauti ya Beth Gibbons imekaa juu ya santuri za zamani zinazokwaruza na dramu za hip hop zilizopunguzwa mwendo. Mtu wako wa hip hop ambaye hataki kusikia gita, mpe hii. Jozi yake ni Lives Outgrown, albamu ya Gibbons peke yake, Mei 2024, dramu zimebadilika kabisa, ni mbao na ngozi, na anaimba kuhusu umri na watu kuondoka.

Hatua ya 7: Mpya ambazo hazina jozi

Mdou Moctar wa Niger, na hii ningekuwa na uwezo ningewekea kila mpiga gita kutoka Siaya hadi Molo. Ni Mtuareg, watu wa jangwa la Sahara, anapiga kwa mkono wa kushoto, na gita yake ya kwanza alijitengenezea na nyaya za breki za baiskeli. Funeral for Justice ilitoka Mei 2024, ni hasira tupu, gita inakimbia kasi ambayo utacheka. Sasa, Julai 2023 kulikuwa na mapinduzi Niger bendi ikiwa ziarani Marekani, wakashindwa kurudi nyumbani, wakaingia studio na kurekodi albamu hiyohiyo bila umeme mwingi, ikatoka 2025 kama Tears of Injustice. Nyimbo zile zile, lakini kwa ya kwanza mtu anapigana na kwa ya pili amekaa chini. Kama utafanya kitu kimoja tu kutoka kwa huu mwongozo, fanya hiyo, hizo mbili moja baada ya ingine.

Fontaines D.C. wa Ireland, Romance, Agosti 2024. Tafuta Starburster: mwimbaji anavuta pumzi kwa nguvu katikati ya wimbo, kwa sauti, kama mtu ametolewa majini, juu wimbo wenyewe ni kuhusu kushikwa na hofu ya ghafla akiwa stesheni ya treni London. Ukiisikia kwa masikio yote mawili unajikuta na wewe unavuta.

Geese wa Brooklyn, Getting Killed, 2025, ni vijana, na sauti ya yule Cameron Winter utaichukia dakika kumi za kwanza, analia, anaburuta, ni kama mtu ameamshwa. Vumilia, dramu zake zinacheza, na wewe ni mtu wa kucheza.

Cindy Lee, Diamond Jubilee, 2024. Nyimbo 32, masaa mawili, na ilipotoka haikuwa kwa programu kubwa za muziki, ilikuwa video moja ndefu YouTube na faili za kudaunlodi kwa tovuti ya kizamani. Inasikika kama redio ya miaka ya 60 ikishika stesheni vibaya usiku. Usiisikize yote mara moja, igawe mbili.

Hatua ya 8: Kelele yenyewe

Sasa uko tayari. Loveless ya My Bloody Valentine, Novemba 1991. Dramu inagonga mara nne, halafu ukuta unakuangukia. Hakuna gita moja unaweza kunyooshea kidole, zimepindwa na ule mkono wa kutetemesha nyuzi mpaka nota haikai mahali pamoja, na sauti za kuimba zimezikwa chini kama zinatoka nyumba ya jirani. Mwenye hajapitia hatua zingine atadhani spika imechanika. Wewe tafuta melodi ndani, iko, na ni tamu kabisa, imefichwa tu. Iweke sauti ya juu kiasi lakini si ya kuharibu masikio, na kama unaishi ploti zile za Nyalenda au Shabab zenye ukuta mmoja, tumia za masikioni juu mama wa nyumba ya pili atakuja kugonga na atakuwa na haki.

Halafu Duma, albamu yenye jina hilohilo, 2020. Hawa ni wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, na lebo ni Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hii ni mashine na koo, kasi ya ajabu, si ya kila mtu na mimi mwenyewe huipiga nusu nusu. Lakini ni Wakenya, na nje huko watu waliinyamazia midomo wazi, so angalau ujue iko.

Ya kupoza: Peel ya KMRU, 2020 pia. Yeye ni Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkubwa wa nyimbo za Kikuyu, na wakati babu alijaza redio na maneno, mjukuu ameondoa maneno yote, imebaki sauti za mahali, upepo, mvumo, zinakaa na kukaa. Nzuri ukiwa unasoma usiku.

Hatua ya 9: Kuendelea

Weka daftari, hata kama ni noti kwa simu: jina la albamu, mwaka, prodyuza, wimbo mmoja uliokushika, na wimbo mmoja uliokushinda. Ule uliokushinda urudie baada ya miezi kadhaa, mara nyingi ndio unakuwa bora. Ukipenda kitu kabisa na uko na kadi, nunua kwa Bandcamp, tovuti ya kununua muziki, bendi hupata sehemu kubwa zaidi kuliko kwa programu za kusikiza, na faili ni yako hata bando likiisha.

Tafuta pia wawili watatu wa kusikiza nao, sebuleni kwa mtu, albamu moja, simu zote mfukoni, kila mtu anasema chake mwisho. Si lazima muelewane. Mmoja awe mtu anapenda rumba tu, huyo ndio husema mambo ya maana.

Na kama unataka kuona hizi vitu zikipigwa mbele yako, sisi wa magharibi tuko karibu kuliko watu wa Nairobi: tamasha la Nyege Nyege lilianza 2015 huko Jinja, Uganda. Tarehe na mahali hubadilika, so angalia kurasa zao kabla ya kulipa kitu, beba kitambulisho na ile kadi ya homa ya manjano, chukua gari ya Busia mapema asubuhi, uvuke mpaka kwa miguu na upande ingine ya Jinja ng'ambo.